Nakala mama za filamu zetu ziko wapi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako lilichapisha hivi karibuni hoja ya msomaji kwamba filamu za Uganda zitaendelea kuwa video za mtaani tu, wala hazitastahili kuitwa sinema, mpaka watengenezaji wetu warudi kwenye mkanda wa seluloidi. Alisema picha ya dijitali haina roho. Sisi ni wapiga picha na wahariri wa filamu tunaofanya kazi Kampala, na hoja hiyo tunaisikia mara kwa mara, tena kutoka kwa vijana wenye vipaji. Tunaandika kwa sababu wakiishikilia wataishia kutafuta sura ya mkanda wa zamani huku wakifuta, kwa mikono yao wenyewe, kile ambacho mkanda ulikuwa ukikitunza: picha asilia, ile iliyopita kwenye lenzi siku ile na saa ile.

Mkanda tuupe haki yake kwanza. Juu ya plastiki hupakwa tabaka za jelatini zenye chembe za chumvi ya fedha. Mwanga ukizigusa zinabadilika, na dawa ya kuoshea inazigeuza kuwa fedha nyeusi. Kwenye mkanda wa rangi, fedha hiyo huondolewa baadaye na mahali pake hubaki vijiwingu vya rangi. Chembe hizo hazikupangwa. Kila fremu ina mtawanyiko wake, ndiyo maana ukuta mtupu kwenye filamu ya mkanda huonekana kama unapumua. Kihisi cha kamera ya dijitali, yaani sehemu inayopokea mwanga, kimepangwa kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba: mistari imenyooka, kila kijishimo mahali pake, fremu hadi fremu. Shati lenye mistari myembamba huleta mawimbi ya ajabu mbele ya kihisi hicho. Mbele ya mkanda ni nadra. Anayeiona tofauti hiyo hajadanganyika.

Mkanda pia ulimlazimisha mtu kufikiri kabla ya kubonyeza. Kopo la futi 400 la milimita 16, kwa fremu 24 kwa sekunde, hudumu dakika 11 na sekunde chache. Kopo la futi 1,000 la milimita 35 hudumu hivyo hivyo. Filamu ya dakika 90 ikipigwa kwa uwiano wa tano kwa moja, yaani dakika tano za kupiga kwa kila dakika itakayobaki, inakula makopo 41. Kila kopo hupakiwa ndani ya mfuko mweusi: mikono imezama hadi kwenye viwiko, macho hayaoni kitu, vidole vinatafuta matundu ya pembeni na upande wenye dawa, yaani zile tabaka za jelatini. Kwa joto la mchana viganja hutoka jasho, na jasho likigusa dawa huacha doa lisilofutika. Kitanzi cha mkanda kikipotea ndani ya kamera, picha zote zinatoka zikirukaruka, na asiyesikia kamera ikianza kukereketa atajua wiki kadhaa baadaye, mkanda ukirudi kutoka kuoshwa. Unywele mmoja ukinasa kwenye dirisha la fremu utaonekana ukutani mwa jumba la sinema kama kamba ya ng'ombe. Kwa hiyo baada ya shoti nzuri fundi humulika dirisha hilo kwa kurunzi kabla taa hazijahamishwa.

Kisha kuna kuosha. Negativu ya rangi ya sinema, yaani mkanda uliopita kwenye kamera, wenye mwanga na giza vilivyogeuzwa, inataka dawa ya kukuzia picha ikae kwenye nyuzi 41.1 za Selsiasi kwa dakika tatu, bila kuyumba zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Ikiyumba, tabaka moja la rangi linatangulia jingine, na vivuli vinaegemea kijani au zambarau kwa namna isiyorekebishika vizuri. Negativu ya rangi inayopigwa hapa husafirishwa ng'ambo, na njiani kuna mashine za kukagua mizigo. Zile mpya zinazopiga mzigo tabaka kwa tabaka zinaweza kuuharibu mkanda ambao haujaoshwa kwa kupita mara moja tu. Mwenye mkanda aombe ukaguzi wa mkono, na asiuweke kamwe kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Kabla ya kupigwa, mkanda mbichi ukae kwenye jokofu, nyuzi 13 au chini yake, na ukitolewa usifunguliwe papo hapo: kopo la milimita 16 lisubiri saa nzima, la milimita 35 saa tatu, la sivyo unyevu wa hewa ya pwani ya Ziwa utatua juu ya dawa kama umande.

Na mkanda huo, hapa kwetu, ulikuwa wa nani? Kati ya 1935 na 1937 mradi wa majaribio ya sinema za elimu, wenye makao Vugiri huko Tanganyika, ulipiga filamu za milimita 16 zenye sauti kwenye sahani za santuri, na ukazitembeza hadi Uganda. Mwaka 1939 Waingereza wakaanzisha Colonial Film Unit, kitengo chao cha filamu za makoloni. William Sellers aliyeiongoza alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha za haraka, basi filamu zikapigwa polepole, shoti ndefu, bila hila yoyote ya kamera. Mwaka 1951 mwongozaji wa Marekani John Huston alileta kwenye maporomoko ya Murchison na bandari ya Butiaba kamera ya Technicolor iliyopitisha mikanda mitatu kwa pamoja, akapiga The African Queen. Negativu ikaenda London. Uganda ilitoa maji, mamba na jua. Ukisema seluloidi ndiyo uhalisi, na kilichopigwa na kijana wa Wakaliga, mtaa wa mabanda hapa Kampala, kwa kamera ya dijitali ni mwigo, umegeuza mambo juu chini. Dijitali ndiyo malighafi ya kwanza ya sinema ambayo Mganda wa kawaida ameimiliki tangu kupiga hadi kuonyesha, kwa lugha yake, kwenye vibanda vya video ambako VJ anasimama na kipaza sauti akiisimulia filamu upya.

Huko ng'ambo kwenyewe mambo yamechanganyika. Fujifilm iliacha kutengeneza mikanda ya kupigia sinema mwaka 2013. Anayepiga kwa mkanda wa Kodak leo, kwa kawaida, anauskani, anahariri kwenye kompyuta, na jumba la sinema linapokea faili. Mpiga picha wa sinema Anthony Dod Mantle alipiga filamu ya 28 Days Later kwa kamera ndogo ya kanda za MiniDV. Ni yeye huyo huyo aliyekuja Kampala kupiga The Last King of Scotland kwa mkanda. Alichagua kifaa kwa kazi iliyokuwa mbele yake.

Kinachotuuma ni chembe bandia. Kijana anamaliza kuhariri, anatafuta kwenye intaneti faili la chembe za mkanda, analitandaza juu ya filamu nzima, na anaamini ameipa roho. Chembe za mkanda huonekana zaidi kwenye rangi za kati na vivuli, na hufifia kwenye weupe mkali; hizi za programu zinakaa sawasawa kila mahali kama majivu yaliyopeperushwa. Tena, kitu kisicho na mpangilio ndicho kinachoilemea kodeki, programu inayobana video, kuliko chochote. Faili la kodeki ya H.264 la megabiti 5 kwa sekunde lina biti za kutosha macho, midomo na mikunjo ya vazi la gomesi. Ukilimwagia chembe, biti zinakwenda kwenye chembe, na uso wa mwigizaji unavunjika kuwa vigae vya mraba. Kwenye kibanda chenye projekta hafifu mtazamaji ataona matope. Na zile chenga za usiku, zinazotokana na kuipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kupita kiasi kwa kukosa taa, si chembe za mkanda hata kidogo. Ni mwanga uliokosekana.

Kwa maoni yetu uhalisi unaoweza kutetewa uko mahali pawili: kwenye mwanga uliopangwa kabla ya kurekodi, na kwenye nakala asilia isiyoguswa baada ya kurekodi. Mkanda ulikulazimisha yote mawili, upende usipende. Dijitali haikulazimishi hata moja.

Tuchukue mwanga. Kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, kila mpiga picha wa Buganda ameipiga. Bwana harusi amevaa kanzu nyeupe, jua la saa saba liko utosini, macho yake yamezama kwenye kivuli cha paji. Kitambaa cheupe hurudisha takribani asilimia 90 ya mwanga, kadi ya kijivu ya kupimia asilimia 18, na ngozi nyeusi chini ya hapo. Stopu moja ni mwanga mara mbili. Kati ya kanzu ile na uso ule, kwenye mwanga ule ule, kuna kama stopu tatu hadi nne. Uso ukiwa kivulini mwa mwembe na kanzu ikiwa juani, ongeza tatu nyingine. Negativu ya mkanda ilivumilia hali hiyo kwa sababu weupe wake haukatiki ghafla, unapinda polepole, na mafundi wake walipimia vivuli. Dijitali ni kinyume: weupe ukishajaa umekwisha, na hakuna programu itakayourudisha mshono wa kanzu ulioungua.

Wengi wakilisikia hilo wanapiga giza mno ili kuiokoa kanzu, halafu wanauinua uso kwenye kompyuta. Uso unatoka na chenga, na ngozi inakuwa ya kijivu kama ya mgonjwa. Kinachotakiwa ni kuubadili mwanga wenyewe. Msogeze bwana harusi chini ya turubai au kwenye kivuli cha jengo, uso na kanzu vipate mwanga mmoja. Shuka jeupe la mita mbili kwa mbili likishikwa mita moja na nusu kutoka usoni, upande unaopigwa na jua, linarudisha mwanga laini machoni. Bati jipya linarudisha mwanga pia, lakini linachoma macho na kuacha milia. Tazama na ardhi: murram nyekundu hurusha wekundu chini ya kidevu, na mizani ya rangi ya kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe itajaribu kuufuta wekundu huo kwa kuifanya ngozi kuwa ya kijani. Funga mizani kwenye Kelvini 5600, tandika turubai ya kijivu nje ya fremu. Zebra ya kamera, ile milia inayoonyesha palipojaa mwanga, iwekwe 95 kwa ajili ya kanzu. Uso wa ngozi nyeusi uache ukae kati ya 40 na 55 kwenye kipimo cha mawimbi, grafu inayoonyesha kiasi cha mwanga kwenye picha. Ile 70 inayotajwa kwenye miongozo mingi ilipimwa kwa ngozi nyeupe.

Hapo seluloidi nayo ina deni. Kwa miongo mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikatoka kama kivuli chenye meno. Anayesema mkanda ulikuwa shahidi mkweli azikumbuke picha hizo. Simu za leo zimerithi kosa hilo kwa njia nyingine: nyingi huja na kirembesha-uso kimeshawashwa, kinachong'arisha ngozi na kufuta makovu. Kizimwe kabla ya jambo lingine lolote. Mama mwenye makunyanzi akilainishwa na simu amegeuzwa kuwa mtu mwingine, na huo ndio uongo hasa wa dijitali ambao msomaji wako angepaswa kuulalamikia.

Jua letu, kwa kuwa tuko kwenye ikweta, hushuka karibu wima. Kutoka nyuzi sita juu ya upeo hadi kuzama ni kama dakika 24 tu. Anayetaka mwanga wa dhahabu afanye mazoezi na waigizaji tangu saa kumi, kamera iwe juu ya miguu yake kabla ya saa kumi na mbili jioni, na achague shoti tatu. Si kumi.

Mchana tatizo ni wingi wa mwanga. Jua kali kwa ISO 100 na shata ya 1/50, yaani kihisi kupokea mwanga kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, linataka tundu la lenzi la f/22. Kwenye tundu dogo hivyo vumbi lote lililo juu ya kihisi linaonekana angani kama nzi, na picha yenyewe inalegea. Kufika f/4 lazima ukate stopu tano, yaani kichujio cha ND 1.5, kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Kamera ikiwa kwenye ISO 800, kama nyingi zinavyodai zikirekodi logi, picha iliyofifishwa makusudi ili ipakwe rangi baadaye, ni stopu nane, ND 2.4. Vichujio vya bei nafuu vinavyozungushwa vimeundwa kwa polaraiza mbili, vioo vinavyochuja mwanga kwa mwelekeo wake. Ukivikaza sana kwenye lenzi pana vinachora msalaba mweusi angani na kubadili mng'ao wa ngozi. Anayekimbia gharama kwa kuipandisha shata hadi 1/1000 anapata mwendo wa kukatakata, na watu huuona hata kama hawajui jina lake. Logi nayo isirekodiwe kwenye biti 8: ngazi ni 256 tu kwa kila rangi, na ukizivuta wakati wa kupaka rangi, anga linapasuka mistari. Biti 10 zina ngazi 1,024.

Ndani ya nyumba, kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 au 1/100 inameza mipepeso kamili, picha inatulia. Ukipiga kwa fremu 24 na shata ya 1/48, eti kwa sababu sinema za Marekani ni fremu 24, utaona mistari ya giza ikipanda na kushuka ukutani, na haitoki. Piga fremu 25, shata 1/50, yaishe. Jenereta ndogo ya petroli isiyo na inveta huyumba kila jokofu la jirani linapoungwa, na mistari inarudi hata kwenye 1/50. Hapo tumia taa za betri.

Simu zinafaa, na filamu nzuri zinapigwa kwa simu. Ila nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kadiri mwanga unavyopungua, bila kukuambia. Sauti uliyorekodi kando itaanza sawa na midomo, na kufikia dakika ya kumi itakuwa imeachana nayo. Tumia programu ya kamera inayofunga fremu, mwanga na fokasi. Na kama klipu zimeshapigwa, zigeuze kwanza ziwe na fremu 25 zisizobadilika, kabla ya kuziingiza kwenye uhariri. Klipu zisitumwe kwa mhariri kama video ya WhatsApp. Inazibana upya, na kinachomfikia ni kivuli cha kilichopigwa. Zipelekwe kwenye diski, hata kwa boda.

Sasa nakala asilia, ambayo ndiyo sababu hasa ya barua hii. Mwaka 2015 wafanyakazi wa UBC, Shirika la Utangazaji la Uganda, walikuta kabatini negativu za wapiga picha wa serikali, karibu 70,000, zikiwemo nyingi za miaka ya Idi Amin. Zilikuwa zimekaa tu. Mwaka 2018 kazi ya kuziskani ilianza, na 2019 Makumbusho ya Uganda yakafanya maonyesho ya picha ambazo wananchi wengi hawakuwahi kuziona. Hakuna aliyehitaji programu maalumu kuzisoma: unaiinua negativu dirishani, unaona watu. Linganisha na Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, filamu ya 2010 iliyoipa Uganda jina duniani. Toleo lake la awali lisilo na sauti ya VJ halipo tena. Tunayoitazama ni ile iliyosimuliwa na VJ Emmie. Usimulizi wake ni sanaa kamili, na tunaupenda kwa dhati, lakini anayetaka kuisikia filamu kama ilivyotoka kwenye uhariri hana pa kuanzia. Kati ya kabati lile na filamu hii kuna miongo minne, na kilichopotea ni kile kipya.

Mkanda nao hufa, tusidanganyane. Ule wa naitreti uliotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 unashika moto kama baruti. Ule wa asetati, kwenye joto na unyevu, unaanza kutoa asidi na kunuka siki. Kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 unatarajiwa kufika miaka 40 hadi 50 kabla harufu haijaanza, na makopo yetu mengi yamekaa kwenye joto zaidi. Harufu ikianza, kopo moja linaambukiza majirani zake. Kama kuna taasisi, kanisa au familia yenye makopo ya zamani, yafunguliwe, yanuswe, na yanayonuka yatengwe leo.

Lakini mkanda hufa polepole, ukitoa harufu ya onyo. Diski hufa Jumanne asubuhi. Umeme unakatika katikati ya kunakili, na diski iliyofomatiwa kwa mpangilio wa exFAT, ambao haitunzi kumbukumbu ya hatua zake, inaamka tupu au nusu. Kwa hiyo diski ya kuhifadhia ifomatiwe NTFS, au ext4 kwa wanaotumia Linux, na kompyuta ikae kwenye UPS, betri ya akiba, wakati wa kunakili. Usiburute faili kwa kipanya na kuamini. Tumia programu inayohesabu namba ya uhakiki ya kila faili pande zote mbili na kuzilinganisha. DaVinci Resolve, hata ile ya bure, ina kifaa cha kuklonia kadi kinachofanya hivyo. Kadi isifomatiwe mpaka kuwe na nakala mbili zilizohakikiwa, na ya tatu ikae nyumba nyingine, afadhali mji mwingine. Diski mbili ndani ya begi moja ni nakala moja, kwa sababu mwizi habagui. Kila baada ya miezi sita diski ziwashwe na zihakikiwe upya. Zikifika miaka mitano yahamishwe yaliyomo, hata kama bado zinanguruma vizuri. Diski za SSD zisiachwe kabatini miaka bila umeme, hasa mahali pa joto: data yake ni chaji, na chaji huvuja.

Watu hutuambia nafasi ni ghali. Tupige hesabu. Kamera ya megabiti 100 kwa sekunde inajaza gigabaiti 45 kwa saa. Filamu ya dakika 90 iliyopigwa kwa uwiano wa ishirini kwa moja ni saa 30, gigabaiti 1,350, na mara tatu ni terabaiti nne na kidogo. Ukipiga kama mtu wa mkanda, tano kwa moja, ni gigabaiti 338, na nakala zote tatu hazifiki terabaiti moja na robo. Hapa ndipo nidhamu ya makopo 41 ina kazi hadi leo: anayefanya mazoezi kabla ya kurekodi anaweza kumudu kuhifadhi alichorekodi.

Cha kuhifadhi si filamu iliyomalizika peke yake. Hifadhi faili za kamera kwa majina yake ya awali, faili la mradi wa uhariri, na toleo safi lisilo na maandishi wala VJ. Sauti ziwe zimetenganishwa: mazungumzo peke yake, muziki peke yake, sauti za mazingira peke yake, zote WAV za biti 24 na kilohezi 48. Bila mgawanyo huo, filamu ya Kiluganda haiwezi kutiwa Kiswahili, Kiacholi wala Kinyankole bila kuua mvua, pikipiki na ngoma zilizomo chini ya maneno. Nchi iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu 2005 ingepaswa kuwa ya kwanza kudai sauti hizo.

Tunapendekeza jambo moja kwa Tume ya Mawasiliano, inayoandaa Tamasha la Filamu la Uganda tangu 2013. Filamu zinapoletwa kushindania tuzo, mshindani aombwe kukabidhi pia toleo safi pamoja na sauti zilizotenganishwa, kwa mkataba unaosema wazi kwamba haki zote zinabaki kwake na hakuna atakayeionyesha bila ruhusa yake. Toleo la dakika 90 katika ProRes 422 HQ, muundo wa video usiobana sana, picha ya 1080 kwa fremu 25, ni kama gigabaiti 125. Kanda moja ya LTO-8, kanda ya sumaku ya kuhifadhia data, inabeba terabaiti 12, yaani filamu zaidi ya 90. Mashine ya kuiandika ni ghali kwa mtu mmoja, ila nchi inahitaji moja, pamoja na kanda za pili za kuwekwa nje ya Kampala. Bajeti isiishie kwenye ununuzi: mashine ya LTO-9 inasoma LTO-8 lakini haisomi LTO-7, hivyo kila baada ya miaka saba hadi kumi yote yahamishiwe kwenye kanda za kizazi kipya, na mtu wa kufanya kazi hiyo aandikwe kwenye orodha ya mishahara tangu mwaka wa kwanza.

Wako katika ujenzi wa sanaa,

Wapiga picha na wahariri wa filamu,
Kampala